Kinachosukuma Pedali

Soksi ndiyo iliyoharibika kwanza. Jumatano jioni Mogire alivua kiatu cha kushoto akakuta soksi imelowa mafuta kuanzia vidoleni hadi kisigino, ilhali kiatu chenyewe kilikuwa kikavu nje na ndani. Akainusa. Hilo ni kosa la mafundi wote, kunusa kila kitu. Haikuwa oili ya injini, wala grisi, wala maji ya breki. Hizo pua yake ilizijua baada ya miaka ishirini ya gereji. Ilinuka mafuta ya nyama yaliyosahauliwa kwenye sufuria, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine ya nywele zisizooshwa. Aliitupa jikoni penye makaa. Haikuungua. Ilichemka tu, ikitoa povu, mpaka mkewe Persis akaja na koleo akaitoa nje huku ameziba pua.

Siku hiyo Mogire alikuwa ameshinda akikanyaga klachi ya gari la wakili Gibson Ogeto. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili na boneti ndefu, rangi ya chungwa. Gibson alilinunua Marani kwa mjane wa Mzee Anyona, dereva wa mashindano enzi zake, aliyelifungia kwenye banda la ng'ombe mpaka akafa. Wakili alilipaka rangi upya, akalishonea viti vya ngozi, akapiga nalo picha mbele ya kila hoteli ya mjini Kisii. Tatizo lilikuwa moja tu.

"Klachi ni nzito, fundi," alisema alipolileta gereji. "Nikikwama na jam pale Daraja Mbili, mguu unatetemeka mpaka naona aibu. Natasha wangu ananicheka, ati Baba hawezi gari yake. Nataka hiyo kitu iwe laini."

"Itakuwa laini, wakili," Mogire akajibu, kwa sababu alikuwa amelainisha klachi nyingi.

Pedali nzito si jambo geni. Lakini hii haikuwa na uzito wa chuma. Springi husukuma sawasawa, leo na kesho. Hii iliuacha mguu ushuke hadi nusu, ikatulia, kisha ikaanza kurudi yenyewe polepole, ikijipanga chini ya unyayo wa Mogire kuanzia kisigino hadi vidole, kama mtu aliyelala upande wa pili ameweka unyayo wake juu ya wako. Na kulikuwa na ule mlio wa bearing kavu, nguuu, ila huu ulikatika kila baada ya muda, ukavuta pumzi, ukaendelea.

Alibadilisha maji ya klachi. Alibadilisha paipu ya mpira, maana paipu ikizeeka huvimba ndani na kuzuia maji. Haikusaidia. Mwishowe akakifungua kile kisilinda kidogo kinachosukuma uma wa klachi kule chini, akakanyaga, na pedali ikaanguka bila uzito wowote. Basi uzito haukuwa kwenye pedali wala kwenye paipu. Ulikuwa ndani kabisa, kwenye kombe la klachi, lile ganda la chuma kati ya injini na gia boksi, na kufika huko lazima gia boksi ishuke.

Hapa ndipo ujinga ulipoanza, nami sitaupamba. Mogire alikuwa shemasi wa kanisa la Waadventista pale Nyanchwa, na gereji yake ilikuwa ndani ya boma lake, kando ya njia ambayo waumini hupita wakipanda kilima. Alijua fika kwamba kazi ya gia boksi huchukua siku nzima. Alijua pia kwamba sasa ni Ijumaa, na kwamba jua likishatua Sabato imeingia na spana haishikwi. Lakini wakili alikuwa amepiga simu mara mbili asubuhi, na fundi hapendi kuulizwa mara ya tatu. Akaanza baada ya chakula cha mchana.

Gia boksi ilipotengana na injini, mwanga wa jioni ulikuwa umebaki kwenye vilele vya mikaratusi tu. Harufu ilimpiga kwanza, akageuza uso. Kisha akamulika kwa simu. Ndani ya kombe la klachi, mahali ambapo fundi hutarajia vumbi jeusi basi, palikuwa pamejaa mafuta. Yalikuwa meupe, mazito, na ukingoni yana umanjano wa usaha. Ndani ya mafuta kulikuwa na nywele za kila namna, fupi na ndefu, nyeusi na za mvi, zimejisokota kuizunguka bearing. Akatia vidole. Yalikuwa na uvuguvugu, ingawa injini haikuwa imewashwa tangu asubuhi ya jana yake. Akachota konzi moja akaitupia kwenye karai, na pale alipochota pakajaa tena, taratibu, bila kelele.

"Baba Purity," Persis alimwita mumewe kutoka mlangoni, kwa jina la binti yao. "Jua linaingia. Njoo unawe."

Mtu asiye na dini angerudisha gia boksi usiku uleule, akakaza boliti zote na kumpigia wakili simu aje achukue gari lake. Mogire mwenyewe alihisi mikono ikitaka kufunga. Lakini shemasi kulala chini ya gari Ijumaa jua likiwa limetua, na wazee wa kanisa wanapita pale nje wakienda ibada ya kufungua Sabato! Akachukua gunia, akafunika ule mdomo uliokuwa wazi, akanawa mara tatu kwa sabuni ya unga, na harufu haikutoka.

Asubuhi aliona karai ni safi. Halikuwa tupu tu. Liling'aa, na palipokuwa na kutu palikuwa pameparuzwa. Alidhani ni mbwa wa jirani. Akavaa suti, akapanda kilima na mkewe, na wakati wa shule ya Sabato mama aliyekaa kando yake alisogea, kisha akasogea tena, kisha akahama benchi.

Nyumbani alikuwa amebaki mtu mmoja, mama mkwe wake Eucabeth, aliyetoka Ekerenyo kwa ajili ya kliniki ya goti. Alilala kwenye chumba cha pembeni chenye mlango wake, maana mama mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa bintiye. Wakisii huiita chinsoni, heshima ya umbali. Mogire na Eucabeth hawakuwahi kushikana mkono, kutazamana usoni wala kula meza moja. Neno la mmoja lilimfikia mwingine kupitia kwa Persis, hata wakiwa wamesimama hatua chache tu wakisikiana vizuri. Ilikuwa hivyo tangu harusi, na wote wawili waliipenda hivyo.

Waliporudi, Persis aliingia jikoni kwanza. Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa, naye alikuwa ameacha ugali wa wimbi, sufuria ya mboga ya saga, maziwa, na kuku mzima wa wageni. Hakukuwa na kitu. Hakukuwa hata na mifupa. Sufuria zilikuwa zimerambwa zikarudishwa mahali pake, na zote zilikuwa na utando mwembamba wa mate ambao haujakauka bado. Kwenye mafuta yaliyoganda ukingoni mwa kikaango ulionekana mchoro wa ulimi, mpana kuliko ulimi wa mtu.

"Mama?" Persis aliita, kwa sauti ndogo.

Jibu lilitoka gereji. Lilikuwa nguuu, kisha pumzi, kisha nguuu.

Eucabeth alikuwa ameketi sakafuni kando ya gari, gauni lake la Sabato limepanda hadi magotini, tumbo limevimba, mguu wa kushoto umenyooka ukiukanyaga ukuta kwa nguvu kiasi kwamba matofali yalikuwa yameanza kupasuka. Mikononi alikuwa na kiatu cha kazi cha Mogire. Alikuwa akikiramba soli, kwa utulivu, akipitisha ulimi kwenye kila mfereji, akitoa grisi na udongo na vipande vya chuma na kuvimeza, na midomo yake ilikuwa imechanika lakini hakuonekana kujali. Kisha yule mama ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumtazama mkwewe usoni akainua kichwa na kumtazama Mogire moja kwa moja, machoni, bila haya yoyote, akatabasamu, na kati ya meno yake palikuwa na nywele.

Mogire alirudi nyuma akagonga benchi la kazi. Gunia lilikuwa sakafuni. Kombe la klachi lilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

"Ni nini hii?" Persis alinong'ona. "Baba Purity, ulitoa nini kwa hiyo gari?"

"Sijui. Mafuta. Ilikuwa mafuta tu."

Persis alijaribu kumwinua ili wampeleke hospitali, Mogire akikaa mbali kwa chinsoni. Hakuweza. Jirani yao Momanyi akaja, kisha Mzee Angwenyi wa kanisa akaja na Biblia, na wanaume hao wawili pamoja na Persis wakamshika mama mmoja mwembamba mwenye goti bovu, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, naye hakuinuka hata kidogo. Alikuwa mzito kuliko injini. Mzee Angwenyi akapiga magoti, akaanza kuomba kwa Ekegusii, na alipofika katikati Eucabeth akacheua. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kila kitu alichokula pamoja na kitu kingine cha zamani zaidi, kilichofungiwa miaka mingi mahali pa joto, na mzee wa kanisa akaacha sala, akakimbilia nje na kutapika kwenye maua ya Persis. Hakurudi. Momanyi akasema anaenda kutafuta gari kubwa, naye hakurudi.

Ngozi ya tumbo la Eucabeth ilikuwa ikivutika na kung'aa. Mtu hahitaji kuwa daktari kuona kwamba ingepasuka kabla ya jioni.

Mogire alimpigia wakili, akaomba namba ya mjane wa Marani, akadanganya kwamba anataka kuuliza habari za kadi ya gari. Mjane huyo aliitwa Nyanchama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Umeifungua?"

"Ndiyo, mama. Jana."

"Na hukuifunga."

"Sabato iliingia."

Nyanchama alivuta pumzi ndefu. "Sijui kama ni jini ama ni nini. Bwana yangu alikuwa anaiita mgeni. Kila asubuhi alikuwa anaingia hiyo gari na kukanyaga, na jioni tena. Hakuwa anaenda mahali. Alisema ikikanyagwa inatulia. Alipokufa nikakanyaga mimi, mpaka mguu ikaanza kuoza vidole. Ndiyo nikauza."

"Kwa nini hukumwambia wakili?"

"Angenunua?" mjane akauliza. Hakuwa na aibu katika sauti, uchovu tu, na Mogire alimchukia kwa moyo wote, akiwa amesimama pale na simu inateleza kwa mafuta mkononi.

Kisha akamweleza la kufanya. Mgonjwa anyweshwe samli ya moto, nyingi, mpaka atapike. Hicho kitu kingetoka, maana hupenda mafuta mapya kuliko nyumba kilimo. Aliyekifungua ndiye akibebe, kwa mikono mitupu. Kikiwekwa kwenye beseni au kitambaa kitarudi tumboni kilikotoka. Akirudishe ndani ya gari na kufunga kabla hakijapoa.

"Mikono yangu?" Mogire aliuliza. "Ni mama mkwe wangu, mama. Ni mama yake bibi yangu."

"Najua vile unasema," Nyanchama akajibu. "Basi chagua."

Mogire alimtazama Persis, na Persis alikuwa amesikia yote. Alienda jikoni akawasha moto.

Nitalisema hili upesi, kwa sababu hata kulisimulia kunanitia kichefuchefu. Persis alimshika mama yake kichwa akammiminia samli kikombe baada ya kikombe, na Eucabeth akainywa kwa pupa huku ile nguuu ikipanda kutoka kifuani, juu, juu zaidi, mpaka vioo vya gari vikaanza kutetemeka. Mogire alipiga magoti mbele yake, karibu kuliko mkwe yeyote alivyowahi kumkaribia mama mkwe, pua kwa pua, akakinga viganja chini ya kidevu chake. Kilipotoka hakikutoka kama matapishi, kilitoka kwa kujisukuma, kikifungua taya kutoka ndani, kizito na cheupe na cha moto. Kikajaza viganja na kumwagikia kwenye mikono ya shati lake la kanisa, na kilikuwa na kitu kama unyayo, laini, usio na mifupa, ambao ulitafuta kiganja chake na kujipanga juu yake, kisigino hadi vidole. Alihisi kikimramba kati ya vidole. Alitembea nacho hadi kwenye gari huku akitapika juu ya kifua chake mwenyewe, akakisukuma ndani ya kombe, na kilipoonja chuma kikaingia chenyewe kwa furaha, kikaacha nywele mbili tatu kwenye kucha zake.

Kisha akalala chini ya gari na suti yake ya Sabato, akainua gia boksi kwa jeki na kwa bega, akakaza boliti. Ilikuwa saa tisa mchana. Waumini walikuwa wakishuka kilima kutoka mafunzo ya vijana, na kila aliyepita aliiona miguu ya shemasi imetokeza chini ya gari na kusikia spana. Hakuna aliyesimama.

"Kanyaga," alimwambia Persis.

Persis aliingia ndani akakanyaga kwa miguu yote miwili. "Nzito," akasema, na akaanza kulia. Wote wawili walilia, kwa kufurahi kwamba ni nzito.

Eucabeth alizinduka jioni, mwepesi, midomo imechanika, tumbo limenywea. Alikumbuka zaidi ya vile wangependa. Alimwita bintiye kitandani, na Mogire, aliyekuwa nje ya mlango, alisikia kila neno, kama ilivyokusudiwa.

"Mwambie bwana yako nimeshukuru. Na umwambie sitaki kusikia hiyo maneno kwa mdomo wa mtu. Si kwa kanisa, si kwa soko. Mkwe amebeba matapishi yangu kwa mkono. Nyasae, Mungu wetu, amesamehe, lakini watu hawawezi. Mwambie aniapie."

"Mwambie mama nimeapa," Mogire alisema kutoka gizani, na aliapa kwa dhati.

Wakili alikuja Jumatatu. Alikanyaga klachi, akatazama juu kwa hasira.

"Fundi, ni ileile."

"Hizi gari za zamani ziko hivyo, wakili. Usiifungue tena. Uiendeshe tu, ama uikanyage asubuhi na jioni hata kama huendi mahali."

"Niikanyage kwa nini?"

Kusema kwa nini kungekuwa kusema kitu kile kilitoka wapi, na kiliingia kwa nani, na nani alikitoa na kwa mikono gani. Na mkononi Mogire alikuwa bado na harufu ya samli. Alifungua kinywa. Kisha akamwona Eucabeth uani, akianika wimbi kwenye mkeka, amewapa mgongo kwa heshima.

"Ni kawaida tu ya klachi za zamani," akasema.

Gibson alicheka kwa dharau. "Kuna kijana huko Nyamira wananiambia ni mtaalamu. Wewe umezeeka, Mogire."

Akaondoka. Mogire alimchukia mjane wa Marani wiki nzima. Alimsema kwa Persis wakila, alimsema peke yake chini ya magari, kwamba mwanamke yule ana roho gani, kumuuzia mtu uchafu kama huo na kunyamaza. Mara nyingine Persis aliinuka na sahani yake akaenda kumalizia jikoni.

Video ilifika kwenye simu yake Jumapili iliyofuata, wakiwa wote uani. Wakili aliandika: *Ona kazi ya fundi wa kweli.* Mogire aliifungua, na sauti ikatoka kubwa. Kwenye video gari la chungwa limesimama mbele ya nyumba nzuri, na Natasha, mtoto wa miaka saba, ameketi kwenye kiti cha dereva. Anainama, anaisukuma pedali ya klachi kwa kidole kimoja, na pedali inashuka hadi chini bila shida. Baba yake anacheka nyuma ya kamera. "Nyepesi, sivyo? Nyepesi kabisa." Mtoto anageuka akitabasamu, na midomo yake inang'aa mpaka kidevuni. Kisha anakileta kile kidole kinywani.

Persis alikuwa amesimama nyuma ya bega la mumewe. Kule kwenye mkeka wa wimbi Eucabeth alikuwa amegeuka. Alinyanyuka kwa shida ya goti, akaja hadi mbele yao, akaitazama simu, kisha akamtazama mkwewe usoni. Hakumtuma bintiye.

"Mogire," alisema. "Huyo mtoto anaramba nini?"

Mogire alimpigia wakili. Simu iliita kwa muda mrefu. Aliyepokea hakuwa wakili, na kabla mtoto hajasema halo, Mogire alimsikia akimeza.